Nani Alimwona Adey?

Sahani yangu ya wali na nyama ya mbuzi niliiacha mezani siku ya kuagwa kwangu, na wengi wenu mlioketi ukumbini mlidhani ni machozi ya kustaafu. Mmoja wenu hata alinifuata nje na chupa ya maji akaniambia, "Pole, Madam, ni kawaida." Si kawaida. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na hasira, na ningali nayo, na kwa kuwa nyinyi walimu vijana ndio mnaobaki na madarasa ya Kifaransa, Kiarabu na lugha nyingine zote tunazoletewa pamoja na mitambo yake katika shule za Garissa, nimeona niwaandikie sababu.

Mnakumbuka yaliyotokea. Bwana Mratibu wa mradi wa ushirikiano wa shule, aliyekuja kutoka Nairobi na viatu vyeupe katika vumbi la Garissa, alisimama akanisifu mpaka nikajisahau mimi ni nani. Kisha akaweka tabuleti karibu na kipaza sauti ili wageni wasikie matunda ya kazi yangu. Akabonyeza. Sauti ya msichana, nyororo, iliyonyooka, ikasema: "Habari za nyumbani ni njema. Ngamia wa mama yangu amezaa." Mkapiga makofi. Mimi nikainuka nikatoka. Yule mwanamke kijana aliyeketi kando yangu, ambaye baadhi yenu mlidhani ni mpwa wangu, akainuka tukatoka wote. Huyo ni Fardosa, mwanafunzi wangu wa zamani. Maneno mliyoyapigia makofi ni yake. Sauti si yake.

Nirudi nyuma kidogo, maana hasira yangu ina mizizi mirefu.

Mimi Kifaransa sikukisomea Garissa. Baba alikuwa na duka la nguo karibu na soko la mifugo, na nilipomaliza shule ya msingi alinipeleka Mombasa kwa mjomba wangu. Huko nikamkuta Mwalimu Nyamawi, mzee mfupi mwenye redio ya kaseti aliyoibeba kwapani kama mkate. Utepe ukinaswa, anaingiza kalamu kwenye tundu la kaseti na kuuzungusha pole pole, na sisi tunasubiri. Ndani ya kaseti mlikuwa na bwana mmoja na bibi mmoja wa Kifaransa ambao kazi yao maishani ilikuwa kununua tikiti za treni. Kila somo wako stesheni. Mwalimu Nyamawi alikuwa anaizima redio ghafla, anatugeukia na kufoka: "Wanaenda wapi hawa? Nani mgonjwa huko? Nani anaoa? Kama hawana safari, tikiti za nini?" Kisha anatupigia domo la Kifaransa kuhusu mke wake aliyenuna tangu jana, na tunashika kila neno, kwa sababu tulitaka kujua kama mama huyo amekwisha kutulia. Alikuwa akituambia kwamba mtu hajifunzi lugha ya watu wasio na jambo la kumwambia.

Mimi nikarudi Garissa na cheti changu, nikayasahau hayo yote, nikawafundisha wasichana kununua tikiti za treni. Garissa haina treni! Siku moja daktari Mfaransa alipita shuleni kwetu akielekea Dadaab, na mwanafunzi wangu hodari kuliko wote akasukumwa mbele amkaribishe. Akasimama wima, akamwomba kwa Kifaransa safi tikiti moja ya daraja la pili, kwenda na kurudi. Daktari wa watu akageuka kutazama nyuma kama kuna stesheni hakuiona. Tulicheka wiki nzima, lakini nilipolala nilimkumbuka Mwalimu Nyamawi.

Baada ya kaseti zilikuja sidii, nazo vumbi letu likazikwangua. Ikaja projekta bila umeme, halafu umeme bila projekta, kwa sababu projekta ilikuwa imeazimwa ofisi fulani na haikurudi. Zikaja kompyuta zikafungiwa stoo zikisubiri mgeni rasmi aje azizindue, na mgeni rasmi alipokuja panya walikuwa wamezindua waya zamani. Nyinyi mnacheka. Mimi nilikuwa naomba ufunguo wa stoo ile kama mtu anayeomba karo, na najibiwa, "Vitaharibika, Madam." Vyombo vya kufundishia watoto vinalindwa dhidi ya watoto! Mkifungiwa vitu, msiombe kwa upole kama nilivyoomba mimi. Pigeni kelele.

Sasa ushirikiano wenyewe. Shule yetu ya wasichana iliunganishwa na shule moja ya Ufaransa, katika mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe. Mpango ulikuwa mzuri kwa maandishi: wao watatufundisha Kifaransa, sisi tutawafundisha Kiswahili. Nasi tukaletewa tabuleti. Siku ya kwanza ya kuonana kwa video tuliwapanga wasichana wamepiga pasi hijabu zao, upepo unagonga mabati, mtandao unakuja na kuondoka. Upande wa pili akatokea msichana mwenye nywele fupi akasema kwa Kifaransa kwamba anaitwa Manon, anapenda muziki na mbwa. Akanyamaza akitabasamu.

Wasichana wangu wakasubiri. Fardosa, wakati huo yuko kidato cha pili, akaninong'oneza kwa lafudhi ya kwetu, "Eddo, amemaliza?" Eddo ni shangazi, ndivyo walivyoniita nje ya darasa na mara nyingi ndani.

"Amemaliza," nikamwambia.

"Na habari yake iko wabi?"

"Ndiyo hiyo. Anapenda muziki."

"Hiyo si habari, Eddo. Kwao mfua imenyesha? Watu wake ni wazima? Huyu anatuficha kitu."

Mwingine akasema labda wana msiba, tusiwasumbue. Na wallahi darasa zima likagoma. Si kwa utovu wa adabu. Kwa adabu! Waliona haya kuzungumza na mtu aliyekataa kutoa habari zake.

Nyinyi mliotoka Kisii na Machakos mnatuona tunavyosalimiana hapa, mnadhani tunapoteza wakati. Acheni niwaeleze. Mtu akifika kutoka Kotile au Bura anaambiwa, "Warran," yaani toa habari, na hajibu neno moja akaishia hapo. Anaeleza mvua imenyesha wapi na wapi imepita tu, malisho yakoje, nani anaumwa, mbuzi wanauzwaje, barabara ina nini. Msikilizaji hamkatizi. Na sharti kubwa ni hili: unatoa habari uliyoiona. Kama umeambiwa, unamtaja aliyekuambia. Watu huhamisha mifugo yao kwa kutegemea hayo maneno. Ukisema kuna maji mahali ambapo hukufika, na maji hayapo, ngamia wa mwenzako wanakufa njiani na jina lako linakufa nao. Mtoto wa hapa hulelewa akijua hivyo kabla hajajua kusoma.

Basi nikamwandikia mwalimu mwenzangu wa kule, Madame Claire, nikamweleza kwamba wasichana wangu hawataongea mpaka wapewe habari. Alishangaa. Akanijibu kwamba kwao mtoto haulizwi mambo ya nyumbani, ni faragha yake. Nikamwambia aanze yeye mwenyewe, kwa sauti, asiandike. Nikamtumia zangu kwanza, kwa Kifaransa, kwenye simu: goti la mama yangu, kisima cha shule kilichoharibika, bei ya vitunguu, mvua iliyotishia ikaondoka. Siku mbili kimya. Kisha ikaingia sauti ya Madame Claire, ndefu, akisema baba yake amekataa kuacha kuendesha gari ingawa haoni vizuri, na yeye anaogopa kila simu inapolia. Niliiweka darasani mara moja tu. Wasichana wakaniomba niirudie, na waliposikia mara ya tatu wakaanza kumshauri mzee wa watu, kwa Kifaransa, wakigombea kamusi.

Hapo ndipo nilipoachana na video. Nawausia nyinyi: sauti iliyorekodiwa inavumilia mtandao wa Garissa, video haivumilii. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo ilikuwa simu yangu, inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Rekodini ndani ya chumba cha magodoro, magodoro yanameza mwangwi. Kama mko nje, msichana aiingize simu ndani ya jilbabu, chini ya kidevu, upepo usiingie. Msirekodi wakati pampu ya maji inanguruma. Na msimwandikie mtoto la kusema. Mwulizeni habari, kisha nyamazeni. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa mwalimu.

Manon naye akafunguka. Alitoa habari kwamba bibi yake ameanguka akavunjika nyonga, na wamempeleka kwenye nyumba ya wazee kutunzwa. Ehee! Darasa liliwaka. Nyumba gani? Ya nani? Watu asiowajua wanamlisha bibi yako? Sijawahi kufundisha maneno ya kuulizia kwa urahisi kama siku hiyo. Kwa nini, tangu lini, nani aliamua, yeye mwenyewe alikubali: walitaka yote, na haraka, kwa sababu walikuwa wamekasirika. Manon akajibu kwa Kiswahili alichojifunza kwa wasichana wangu, kifupi, kinakwama: "Sisi tunafanya kazi wote. Mama analia kila Jumapili." Fardosa akachukua simu akamtumia dua na pole, na akamwambia ambusu bibi kichwani kwa niaba yetu. Tangu hapo hao wawili wakawa marafiki.

Na ikaja siku ya habari njema. Fardosa alitoka likizo kwao Hulugho. Mama yake alikuwa na ngamia mweupe anayeitwa Adey, yaani Mweupe, aliyeachiwa na marehemu mume wake, na wote walidhani ngamia huyo hatazaa tena. Alizaa. Fardosa alikuwepo usiku mzima na mama yake, alimshika ndama angali na utelezi. Aliporudi shuleni alikaa kwenye chumba cha magodoro akarekodi kwa Kiswahili, ili Manon ajifunze, kisha akarudia kwa Kifaransa. Kiswahili chake ni cha kwetu. Sisi p huwa b mdomoni, na v huwa f, na ngamia tunasema imezaa. "Manon, warran yangu ni hii. Adey imezaa. Ni mimi nimeona na macho yangu. Mama amelia, halafu amecheka, halafu amelia tena. Mtoto yake anaanguka anaanguka, kama mtu amefaa fiatu kubwa." Manon alijibu kwa dakika nyingi, Kiswahili na Kifaransa vimechanganyika, anataka kujua maziwa yana ladha gani na kama Adey bado amesimama. Ile ndiyo lugha, wanangu. Vitabu vyote vilikuwa kabatini.

Sasa ofisi ya mradi.

Ofisi ilikuwa imetuambia tuhifadhi sauti zote kwenye tabuleti za mradi, zisipotee. Tukazihifadhi. Hakuna aliyeiba kitu, tuliwapa kwa mikono yetu tukidhani wanatutunzia. Bwana Mratibu akazisikiliza huko Nairobi, akaja mbio. Aliketi katika ofisi ya mwalimu mkuu akipigapiga magoti kwa furaha.

"Madam, hii kitu ni kali sana," akaniambia. "Tunatengeneza programu ya kufundisha Kiswahili. Shule nyingi za nje zitaitumia. Mtoto anabonyeza, anasikia stori. Hii ya ngamia ndiyo itafungua."

Nikafurahi. Nikamwambia nitamwita Fardosa.

"Ah, yeye tutampiga picha," akasema. "Sauti tutarekodi upya, tuna msichana Nairobi. Unajua lafudhi, Madam. Nani atajifunza 'fiatu'?"

Nikamuuliza kama watoto wa Ufaransa wamelalamika. La, hawajalalamika. Nikamuuliza kama Manon hakumwelewa Fardosa. Alimwelewa, lakini wafadhili wanataka Kiswahili sanifu. Nikamwambia mimi ndiye mwalimu, sarufi ya wasichana wangu naisahihisha kila siku kwa kalamu nyekundu na sitaacha kuisahihisha, lakini hakuna kalamu iliyoniruhusu kumng'oa mtoto ulimi nikaweka wa mwingine. Na lile jina, Adey? Wataliondoa, akasema, ni gumu. Atakuwa ngamia tu.

Mwalimu mkuu alinivuta kando. Hakuwa mtu mbaya. "Tafadhali," akasema, "bodi inataka kukifuta Kifaransa tangu mwaka jana. Wananiuliza wasichana watakiongea na nani, na mbuzi? Mradi ukiondoka, Kifaransa kimeondoka. Mfikirie huyo huyo Fardosa wako."

Na alijua pa kugusa. Fardosa alikuwa na sababu ya Kifaransa ambayo bodi haikuwahi kumuuliza. Mjomba wake ana duka Dadaab, na likizo moja, kwenye foleni ya zahanati ya kambi ya wakimbizi, Fardosa alimwona mama Mkongo amebeba mtoto anayetetemeka kwa degedege. Mama yule alikuwa akieleza na kueleza kwa Kifaransa, na hakuna aliyekuwa akielewa, na zamu yake ikapita. Fardosa alirudi akaniambia, "Eddo, mimi nataka kusimama hapo katikati yao." Kwa hiyo ilibidi afike mtihani wa kidato cha nne, na darasa lazima liwepo. Mkisikia mtu anasema lugha za kigeni ni anasa kwa watoto wa wafugaji, mpelekeni kwenye foleni ile.

Nikamwita Fardosa, nikamweleza yote mbele yao. Alisikiliza ametazama sakafu. "Habari ni ya mama," akasema. "Tumuulize yeye."

Tukampigia mama yake Hulugho, simu ikawekwa kwa sauti juu ya meza, mimi nikawa mkalimani. Tukasalimiana kama inavyotakikana, na Bwana Mratibu akatazama saa yake mara kadhaa. Kisha nikamweleza kwamba msichana wa Nairobi ataisimulia dunia habari ya Adey.

"Alimwona Adey huyo msichana?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Aliyemwona ni nani?"

"Ni mwanao."

"Basi huyo wa Nairobi atasemaje amezaa?"

Bwana Mratibu akacheka kidogo. "Mwambie ni mfano tu."

Nikamwambia. "Mfano wa uongo?" mama akauliza. "Mwambie hapana. Mwanangu aseme kwa mdomo wake, au wasiseme."

Niliyatafsiri yote, neno kwa neno, wala sikuyapunguza makali. Bwana Mratibu akaandika kitu kwenye simu yake, akasema ameelewa, mama amekataza sauti ya mtoto kutumika na yeye anaheshimu mila zetu. Sauti haitatumika. Watatumia maneno tu.

Nimesimulia kisa hiki kwa watu wengi na kila nikifika hapo damu inachemka upya. Kukataa kwa mama ndiko alikokufanya ruhusa! Nikasimama nikamwambia kwamba ameelewa kinyume, na kwamba amefanya hivyo kwa makusudi. Nikaambiwa mimi mkali, mimi sina shukrani, mimi sielewi teknolojia. Mimi, niliyezungusha kaseti kwa kalamu, niliyefundisha darasa zima kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka! Teknolojia naielewa sana. Niliyekuwa simwelewi ni mtu anayeisikiliza sauti ya mtoto, anaipenda, halafu anaifuta.

Programu ikatoka. Shule ya Ufaransa ikapewa, na ikaambiwa sasa haina haja ya kusubiri mtandao wa Garissa. Tabuleti zetu zikachukuliwa kwenda kutengenezwa, na labda zinatengenezwa hadi leo. Shuleni kwetu kidato cha kwanza hawakuandikishwa tena Kifaransa. Darasa la akina Fardosa lilivumiliwa limalize, jioni, baada ya masomo ya wenye masomo.

Lakini Madame Claire alinipigia. Aliniambia darasa lake lilisikiliza programu ile mara moja, na Manon akainua mkono akauliza, "Fardosa anaumwa? Huyu ni nani?" Walipoambiwa ndiye Fardosa mpya, waliweka mitambo kando, wakarudi kwenye simu ya mwalimu wao. Hivyo tukaendelea kwa siri, kama wezi, walimu wawili na simu mbili, hakuna mradi, hakuna nembo. Na darasa lile lilijifunza.

Siku ya mtihani wa mazungumzo Fardosa aliingia chumbani kwa mtahini aliyetoka mbali, amechoka na joto. Mtahini akamuuliza hali kwa Kifaransa, swali la kufungulia tu, linalojibiwa kwa neno moja. Fardosa akampa habari. Malisho ya Hulugho, kikohozi cha mama, ndama wa Adey aliyeanza kula majani. Kisha, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akamuuliza mtahini za kwake. Aliniambia mtahini aliweka kalamu chini akamwambia amemwacha mtoto hospitali na hajui kama homa imeshuka. Wakazungumza hayo mpaka muda ukaisha. Leo Fardosa ni mkalimani Dadaab, na amesimama katikati pale alipotaka. Bodi haijawahi kumwalika, ila picha yake ipo kwenye bango la mradi. Mmeiona. Ni yule anayetabasamu juu ya jina la shule nyingine.

Sasa mnajua mlikuwa mnasikiliza nini siku ile ukumbini.

Tulipotoka tulisimama kando ya tangi la maji, upepo unatuvuruga. Nilimwambia Fardosa nasikitika amesafiri kutoka Dadaab kuja kutukanwa. Yeye hakuwa na hasira, au alikuwa nayo mahali pa ndani kuliko yangu.

"Eddo," akasema, "Adey si alikufa?"

Sikuwa najua. Nilikuwa hospitali Nairobi miezi ile ya ukame, na tulipoonana tena niliuliza habari za mama, sikuuliza za ngamia. Akanieleza pale pale. Walikuwa wanahama kuelekea Ijara kutafuta maji. Adey alilala barabarani, hakuinuka. Mama alimmiminia maji ya kunywa ya watu, kwenye ulimi, na hakuyameza. Ndama wake, aliyekuwa ngamia mkubwa sasa, alikataa kuondoka pale, wakamvuta kwa kamba. Fardosa alikuwepo. Aliona kwa macho yake. Habari hiyo aliirekodi siku ile ile akamtumia Manon, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi, na Manon alilia kwenye simu kwa Kiswahili. Upande wa pili wa dunia kulikuwa na mtu aliyejua kwamba Adey amekufa. Walimu wa Garissa mlikuwa ndani mnashangilia kuzaa kwake.

Mlango ukafunguka, akatoka Bwana Mratibu na viatu vyake, uso umejaa wasiwasi wa mwenyeji. "Madam, mbona umetuacha? Kuna shida?"

Fardosa akamtazama vizuri. Nadhani alikuwa akimpa nafasi. "Warran?" akamuuliza.

"Niko poa, niko poa," akasema. "Na nyinyi?"

"Ngamia imekufa," Fardosa akamwambia.

Akanitazama mimi, akamtazama yeye, na kwa haki kabisa hakuwa anajua.

"Ngamia gani?" akauliza.

Na ndani ya ukumbi mtu alikuwa ameibonyeza tabuleti tena, na nyinyi mkapiga makofi.